Programu Mbili na Makohozi ya Mzee Phares

Jumatatu, 3 Machi
Siku yangu imefika! Daktari Nthoki, mkubwa wa maabara yetu ya utafiti wa kifua kikuu hapa Makadara, anataka programu moja ya kuendesha hatua zote za uchambuzi, kuanzia makohozi ya mgonjwa hadi jibu la dawa itakayomfaa. Nijaribu moja, mwenzangu Filsan ajaribu nyingine. Mshindi ataongoza kitengo cha data. Filsan ana miezi minane kazini. Mimi miaka sita!

Jumatano, 5 Machi
Nimewahi kufika. Kompyuta mpya nimejichukulia. Filsan nimemwachia ile kuukuu inayonguruma kama kinu cha kusagia unga. Programu yangu nimeipa sampuli kumi. Yake mia mbili. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Yangu imemaliza kwa dakika nne, yake kwa saa tano. Filsan akasema kwa upole kwamba stima ikipotea, yake huendelea pale ilipoachia, yangu huanza upya. Nikamjibu siku hizi stima haipotei. Nimekabidhiwa sampuli zote mia tatu. Mojawapo ni ya jirani yangu Mzee Phares, mchonga vinyago. Nimempitia nikamwahidi jibu Jumanne. Akakohoa weee, kisha akasema, "Sawa, mwanangu Muoki. Nakutegemea."

Alhamisi, 13 Machi
Stima imepotea mara tatu. Mara tatu kazi imeanza upya! Daktari nimemwambia bado kidogo tu. Filsan amejitolea kuzipitisha sampuli kwenye programu yake. Nimekataa. Nimpe cheo hivi hivi? Mkewe Mzee, Mama Wanza, amekuja kuulizia. Nimetokea mlango wa nyuma.

Jumatano, 19 Machi
Mzee Phares amefariki alfajiri. Jibu limetoka saa nne asubuhi. Dawa alizokuwa akimeza hazikumfaa kitu. Ambazo zingemfaa zilikuwa kabatini, kliniki ya ng'ambo ya barabara. Nimejifungia chooni nikalia. Mama Wanza amenishukuru kwa kumhangaikia mumewe. Amenishukuru!

Jumatatu, 24 Machi
Tulimzika Jumamosi. Filsan alimshika Mama Wanza mkono muda mrefu. Mimi hakuniangalia. Leo Daktari ameamua tutumie programu ya Filsan. Sikubisha. Nimeapa kubadilika, naapa tena hapa kwa maandishi. Kisha Daktari akasema kesho saa mbili tuna kikao cha kuchagua programu ya kutunza rekodi za wagonjwa, na atakayeichagua ndiye atakayeisimamia. Akaniagiza nimjulishe Filsan.
Nimemwandikia. "Kikao ni saa nne."