Sketi ya Mama Mkwe na Viazi vya Kibirichia

Wenzangu wa kikundi hiki cha kubana matumizi, leo sina uso. Nimekuja kuwaambia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa huku kwetu Nkubu, kwa sababu watu wa Nkubu wataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Mnanijua. Mimi ni Wawira, yule anayesugua sufuria kwa jivu. Ni mimi niliyekata fulana kuukuu za mume wangu nikatengeneza matambara ya kupigia deki (moja alikuwa bado anaivaa, lakini hayo tulishamaliza). Sabuni ya maji sinunui. Nakwaruza vipande vya sabuni ya mche, nachemsha, natia ndimu, maisha yanaendelea. Mutuma, mume wangu, husema siku moja nitaanza kuanika majani ya chai tuyatumie tena (nilishajaribu, hayana ladha). Namwacha aseme. Mimi nauza kwa duka la mbolea na mbegu, na mshahara wa huko mnaujua.

Sasa sikieni. Mama mkwe wangu, Mama Mutuma, leo alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Ni jambo kubwa kwake. Amekuwa kwa hicho chama tangu Mutuma akiwa wa kubebwa mgongoni, akipika kwa matanga ya wengine, akiosha masufuria ya harusi za wengine, na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuitwa mbele. Sare yao ni sketi ya bluu yenye marinda, blauzi nyeupe na kitambaa cheupe cha kichwa. Na mambo ya hiyo sare si mchezo. Kitambaa kikilegea, unasemwa. Rinda likipinda, unasemwa mpaka Pasaka.

Kuna kitu lazima niwaambie ndio mnielewe. Mimi kwetu ni Runyenjes, kule Embu. Mama mkwe alitaka Mutuma aoe hapa Meru, na si msichana yeyote tu, alikuwa ameshamwona: Kendi, binti ya rafiki yake wa kanisa. Halafu mimi nikatokea. Mama hajawahi kunitusi, sitamsingizia. Hunisalimia vizuri, huuliza kama watu wa kwetu wako salama. Lakini kunichukua kama wake, hapana. Mimi ni bibi ya Mutuma, basi. Nampelekea chai, anasema, asante bibi ya Mutuma, na mimi narudi jikoni nimeumia kidogo. Nampenda yule mama, huo ndio ukweli. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na nilipoolewa kwa hii boma nilikuwa natafuta mume, ndiyo, lakini nilikuwa natafuta mama pia.

Kwa hivyo juzi aliposema mgongo unamuuma na hajui atafua sare saa ngapi, nikaruka. Nikamwambia aniachie, nitafua, nitapiga stachi ya kukaza nguo, nitapiga pasi, atatoka akiwa amenyooka. Akaniangalia kidogo, kisha akanipa. Hiyo sare hajawahi kumpa mtu.

Hapo ningenunua stachi dukani mambo yaishe. Lakini ni nyinyi, ndiyo, nyinyi, mliandika hapa kwamba stachi ya kopo ni kuibiwa mchana, eti viazi vina wanga bora na wa bure. Na viazi ninavyo, Mutuma alileta gunia kutoka Kibirichia. Nikavikwaruza, nikavikamua kwa kitambaa, nikaacha maji yatulie mpaka unga mweupe ukakaa chini. Unga mzuri, laini. Mlisema vijiko vichache kwa karai zima la maji. Mimi nikaangalia ule unga wote nikaona ni dhambi kuutupa (mtu wa kubana matumizi hatupi kitu). Nikatia wote. Nikamwagia maji ya moto, nikakoroga mpaka mwiko ukasimama. Nikatumbukiza sketi, blauzi, kitambaa, kila kitu.

Ilipokauka, niliitoa ile sketi kwa kamba nikaiweka chini, ikabaki imesimama peke yake. Mutuma akapita akaisalimia.

Ningeshtuka hapo. Sikushtuka. Nilipiga pasi, ikang'aa, nikajipongeza. Asubuhi Mama alipokuja kuvaa aliigonga na kidole, ikalia ko, ko. Akasema ni ngumu kidogo. Nikamwambia italainika akitembea. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa, sijui nilitoa wapi.

Haikulainika. Marinda yalikuwa yameshikana yote, kwa hivyo Mama alitembea kwa hatua ndogo ndogo mpaka kanisani, na kila hatua ilikuwa na mlio wake. Mfuko nao ulikuwa umejifunga kabisa. Kitambaa chake cha mkono kilikosa pa kuingia.

Kanisa letu bado linajengwa, tunasali chini ya hema, kwa viti vya plastiki. Tulipofika manyunyu yakaanza, ile mvua yetu ya huku isiyojua kunyesha wala kuacha. Hema linavuja kando, na kina mama wenye sare walikuwa wamepangwa huko huko kando, safu ya mbele. Sketi ya Mama ikalowa nyuma yote. Sasa niambieni, wanga wa viazi ukilowa huwa nini? Gundi. Mama akakaa juu ya gundi. Halafu jua likatoka, kali. Halafu mhubiri mgeni akahubiri. Akamaliza, akakumbuka kitu, akahubiri tena. Mimi huko nyuma na Mutuma namshukuru Mungu kwa jua, eti litamkausha Mama asipate homa.

Pasta akamwita Mama mbele. Kina mama wakaanza wimbo. Mama akainuka kwa heshima zake, na kiti kikainuka naye.

Wueh. Alipiga hatua kadhaa akiwa nacho. Nadhani alifikiri ni uzito wa sketi tu, kwa sababu asubuhi yote ilikuwa nzito. Wimbo ukaanza kufa sauti moja moja. Kina mama wakamkimbilia, mmoja akashika kiti, mwingine akamshika kiuno, wakavuta. Kilitoka kwa sauti ambayo sitaiandika hapa, kuna watoto. Mutuma, mtoto wa kuzaliwa kwa huyo mama, alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yanaruka.

Kama ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini mwenyekiti lazima apige magoti ndio aombewe na afungwe kitambaa kipya. Pasta akamwambia apige magoti. Mama akajaribu. Sasa mvua ilikuwa imelowesha nyuma tu, mbele ilikuwa bado ngumu kama mabati. Akikunja goti, sketi yote inapanda juu. Anaivuta chini haraka, anajaribu tena, inapanda. Pasta amenyoosha mikono juu ya kichwa ambacho hakiji.

Ndipo Mama Kendi, mama yake yule Kendi, akauliza kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Mama Mutuma, kwani hii nguo ulifuliwa na nani?"

Nilikuwa nishaanza kuangalia njia ya kutoka. Na haikuwa aibu tu. Nilikuwa nataka kulia, kwa sababu mama wa watu ameingoja hii siku miaka yote, na mimi nimeiharibu na viazi. Nikajua akinitaja hapo, hata kwa upole, nitakuwa msichana wa Embu aliyemuumbua, na hiyo haitaisha mpaka nizeeke.

Mama akageuka. Aligeuka mwili mzima, sketi haikuruhusu kugeuza shingo tu. Akasema, "Nilifuliwa na mtoto wangu."

Mama Kendi akacheka kidogo, akasema anavyojua yeye Mungu alimpa Mama Mutuma wavulana watupu.

"Na msichana akanipa," Mama akasema. "Wawira, kuja unishike nipige magoti."

Sijui nilifikaje mbele. Sikujua hata kama jina langu analijua. Nikamshika mkono, nikaikunja ile sketi na goti langu kwa nguvu mpaka ikalia kaa ikavunjika, tukashuka chini pamoja, maana peke yake angeanguka. Pasta akatuangalia, nadhani hakujua afanye nini, akaweka mkono mmoja kwake na mwingine kwangu. Tukaombewa wote wawili kuwa mwenyekiti. Nililia, jameni, nililia vibaya, na Mama akiwa amefumba macho katikati ya maombi akaninong'oneza nifute kamasi, watu wanaangalia.

Sasa ni jioni. Mama yuko hapa jikoni kwangu, amejifunga leso yangu, kwa sababu sketi iko kwenye karai na imekataa kuzama. Kila mara anaanza kucheka peke yake, ananyamaza, anaanza tena. Amesema Mutuma asipoacha kuigiza kile kiti atakula nje. Mimi ameninyang'anya kisu, anamenya viazi vilivyobaki kwa gunia, anasema hivi vitaingia kwa sufuria, si kwa nguo. Na amesema Jumapili ijayo nitamfulia tena, lakini nikanunue stachi ya dukani, ile ya kopo.

Kwa hivyo kesho naenda kununua. Najua sheria za kikundi. Mkitaka kunitoa, nitoeni. Mimi nimetumwa na mama yangu.