Mume Wangu Si Kauri

Jumapili, 5 Novemba

Nimeolewa! Wiki tatu sasa, na bado nikiamka naangalia kidole kuhakikisha pete ipo. Ipo. Na Colter wangu yupo, amelala chali, mdomo wazi, mzuri kama malaika aliyerudi kutoka zamu. Tulioana Jumamosi ile moja ambayo timu haikuwa na mechi, kama wanavyofanya wote hapa Nebraska wanaooana msimu wa mpira. Bibi harusi asiyeangalia ratiba ya mechi atajikuta kanisani na mchungaji peke yao.

Furaha yangu ingekuwa kamili kama si Verlin Stokes. Huyu ana kipindi cha michezo kila asubuhi kwenye redio ya mji. Leo baada ya ibada, kahawa mkononi, kawaambia watu kwamba mume wangu ni mwepesi wa kuumia. Na jina kampa: Bwana Kauri. Kauri! Kama kikombe cha wageni kinachofungiwa kabatini! Watu wakacheka. Ndani ya nyumba ya Mungu!

Colter ni kwotabeki wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Mpira unaanzia mikononi mwake, naye ndiye anayeamua amtupie nani, huku majitu ya upande wa pili yakimkimbilia yamsage. Jumamosi ni mechi ya mwisho ya msimu. Kocha Dvorak amesema atakayeanza siku hiyo ndiye mwenye nafasi mwakani, na ufadhili wa masomo unaifuata nafasi. Colter akiachwa, chuo basi, na tutahamia juu ya gereji ya mama yangu. Mwenzake anayeitaka nafasi ni Brecken, kijana mwenye shingo kama kisiki. Verlin anasema Brecken hajawahi hata kupiga chafya.

Sasa tuseme ukweli. Colter ameumia mara tatu tu. Mara ya kwanza ni mtulinga, ule mfupa wa begani. Hiyo ilikuwa mechi ya kwanza niliyokwenda kumtazama. Nilimwita kwa sauti anipungie mkono, akageuka kunipungia (lile tabasamu!), na jitu likamwangukia. Nani asingevunjika? Ya pili ni kifundo cha mguu. Alikuwa akishuka kutoka kwenye dari la zizi la baba, nami nimemshikia ngazi barabara. Niliiachia kidogo tu niweke nywele sawa, maana nilijua akifika chini atanibusu. Ya tatu ni kidole gumba, siku ya harusi. Nilifunga mlango wa gari haraka ili shela isiguse tope.

Hapo kosa la Colter liko wapi? Bahati mbaya tupu!

Verlin nitamkomesha. Nina mpango.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimempigia simu redioni. Nimejifanya daktari wa mifupa, mwanamume mzee kutoka Omaha. Nilikuwa nimekunja taulo mdomoni na sauti ilitoka nzito, ya kutisha. Nikaeleza kitaalamu kwamba mifupa ya kijana huyu nimeichunguza na ni kama chuma cha reli. Verlin akasikiliza kwa adabu. Akauliza, na mtulinga je, daktari? Nikasema umeunga vizuri kuliko mwanzo, na kwamba mpenzi wangu akivua shati hata alama huioni.

Kisha Verlin, mbele ya wilaya nzima: “Ahsante sana, Lindy. Msalimie Bwana Kauri.”

Lile taulo ndilo lililoniangusha. Lilikuwa jembamba.

Mchana nimekuta mabakuli kibarazani. Ndivyo watu wa hapa walivyo. Ukiumia, ukifiwa, ukizaa, kinamama wa kanisa wanakuletea chakula cha kuokwa, jina la mwenye bakuli limeandikwa kwenye utepe chini yake. Tambi na kuku. Viazi na jibini. Maharage mabichi na uyoga. La Bibi Ardith, jirani yetu wa umri wa bibi yangu, lilikuwa bado la moto. Nikamwambia huku nikitabasamu kwamba hapa hakuna mgonjwa. Akanipapasa shavu: “Najua, mwanangu. Ni la kuweka akiba tu.”

Akiba! Wanamngojea aumie!

Jumanne, 7 Novemba

Balaa. Asubuhi Verlin kasema hewani kwamba amepita mbele ya nyumba yetu na kuona mabakuli manne kibarazani, na kwamba yeye haamini taarifa za kocha, anaamini mabakuli. Mji mzima sasa unauliza Bwana Kauri amevunja nini tena.

Nikachukua hatua. Kabla Colter hajarudi kutoka mazoezini nikayaondoa yote kibarazani nisiwape watu cha kuona. Nikayapanga ndani, nyuma ya mlango, yakiwa yamebebana vizuri kama mnara. Nikazima na taa, Verlin akipita tena asichungulie.

Colter kaingia akiniita mpenzi uko wapi.

Ni kidole cha mguu tu. Kile kidogo! Ambacho hata hakitupi mpira! Bakuli la Bibi Ardith halikupasuka, lakini viazi vimefika mpaka kwenye picha ya harusi. Colter alikaa sakafuni amefunikwa tambi, akacheka mpaka machozi. Nilimpenda upya pale pale. Nikamfunga kidole kwa utepe wenye jina la Ardith, maana mwingine sikuupata.

Jumatano, 8 Novemba

Kocha kamwona akichechemea kwenye mazoezi ya alfajiri. Kamwambia Brecken ajiandae. Brecken kamwambia mume wangu, pole kaka, wengine tumejengwa kwa zege. Nyamaza wewe kisiki!

Nikaona maneno hayatoshi, watu waone kwa macho. Asubuhi mji huu wote uko kwenye mkahawa wa njia kuu. Wanakula mkate wa mdalasini, na Verlin, akishamaliza kipindi, anakaa dirishani kama mfalme. Nikamwambia Colter anibebe mikononi, kama alivyonibeba siku ya harusi, kutoka benki mpaka mlangoni pa mkahawa. Nilivaa gauni la harusi ili wasione ni jambo la kawaida. Colter akasema mpenzi, kuna barafu njiani. Nikamwambia penzi halijui barafu.

Akanibeba! Hakuyumba! Pumzi yake inatoka kama moshi, kidole kinauma, na bado anasonga mbele. Wakulima wakatoka na vijiko mkononi. Mmoja kapiga mluzi: “Huyo sasa ndiye trekta!” Nikasikia moyo unataka kupaa. Tulipofika dirishani nikageuka nimpungie Verlin mkono, nimwoneshe dharau kidogo.

Kiwiko changu na jicho la Colter vikakutana njiani.

Limevimba limekuwa zambarau. Verlin katoka nje na barafu imefungwa kwenye leso. Hakucheka, nitampa hilo. Alimtazama Colter, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha funguo. Sikuipenda ile sura.

Jumanne viazi, Jumatano jicho. Dunia ina wivu na watu wanaopendana.

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika kwa hasira. Karatasi itatoboka.

Asubuhi redioni walikuwa wakibishana kama kawaida, huyu anafaa, huyu hafai. Simu ikaingia. Bibi Ardith! Sauti ya upole kama anaagiza unga dukani. Kasema alimfundisha Colter shule ya Jumapili tangu mdogo. Kasema kijana yule alicheza miaka yote minne ya sekondari, akaangukiwa, akakanyagwa, akarushwa juu ya benchi, hakukosa mechi hata moja. Alipanda paa la kanisa kurekebisha kengele, akateleza, akatua kwa miguu. Kisha akauliza, kwa hiyo, Verlin, mwanangu, huyu kijana alianza kuumia lini hasa?

Redio ikanyamaza. Nilifikiri umeme umekatika.

Halafu Verlin akasema polepole: “Alipompata Lindy.”

Simu zimeingia mpaka saa sita mchana! Mmoja alikuwapo siku ya mtulinga na alinisikia nikiita. Mwingine ni binamu yangu wa damu, kaeleza habari ya ngazi! Dereva wa gari la harusi kapiga pia. Wote wamekubaliana kwamba wamemwonea Colter na kwamba mwenye kasoro ni mimi. Verlin kaomba radhi hewani. Kafuta jina la Bwana Kauri. Ushindi niliouhangaikia wiki nzima, na umekuja umenikanyaga shingoni!

Mimi! Nimwumize Colter? Mimi ninayempulizia supu!

Nilimwuliza yeye mwenyewe, macho kwa macho, kama anaamini upuuzi huo. Akatafakari sana kuliko nilivyopenda. Akasema: “Wewe unanipenda kwa nguvu, mpenzi. Kwa nguvu sana.” Sijaambiwa neno tamu kama hilo tangu nizaliwe. Nililia. Nikamkumbatia. Akasema aah, jicho.

Ijumaa, 10 Novemba

Kocha Dvorak kaja nyumbani, kofia mkononi. Kasimama mbali kidogo na mimi. Kasema Colter ataanza kesho. ATAANZA! Ila kuna ombi moja. Kaniita bibie, kasema angeshukuru sana nisikae uwanjani chini, bali kule juu kabisa, kwenye chumba cha kioo cha watangazaji. Mlango ufungwe. Colter alikuwa anatazama sana dari.

Nimelielewa jambo mara moja. Wanataka niwe na mchango kwenye matangazo! Kocha kaona nina kipaji. Nimepika sufuria kubwa la nyama na maharage yenye pilipili, na mikate ya mdalasini, niwapelekee. Sina kinyongo.

Jumamosi, 11 Novemba

TUMESHINDA!

Colter amecheza mwanzo hadi mwisho. Wamemwangusha, wamemlalia, wamemtia uso kwenye matope. Kila mara nilipiga ngumi kioo, na kila mara aliinuka, akajipangusa, akarudi kazini. Hana hata mkwaruzo! Nafasi ni yake, na mwakani tunasoma. Mume wangu ni jiwe la mlimani!

Chumbani mambo yalikuwa mazuri, isipokuwa Verlin. Kwanza alipata maharage ya moto mapajani. Nilikuwa namsogezea bakuli kwa ukarimu, Colter akatupa mpira mrefu, nami nikaruka kama mke yeyote. Verlin alipiga yowe hewani na wasikilizaji wakadhani ni bao. Kisha ikaja dakika ya mwisho, Colter kakimbia na mpira mwenyewe mpaka ndani ya eneo la bao. Nikamkumbatia aliyekuwa karibu. Ni Verlin, kwenye kiti chake cha magurudumu madogo. Mlango nilikuwa nimeufungua kidogo nipate hewa. Nje ya mlango kuna ngazi.

Alitangaza mpaka alipofika chini. Kazi anaijua, sikatai.

Jumapili, 12 Novemba

Verlin amevunjika kifundo cha mkono na kuungua kidogo. Nimemwokea tambi na kuku, nimeandika jina langu kwenye utepe, nimempelekea kwake. Kafungua mlango bila kuondoa mnyororo. Kasema ahsante, Lindy, weka hapo chini, urudi nyuma kidogo, hapo hapo, Mungu akubariki.

Jioni nimepita na gari nikahesabu. Mabakuli sita kibarazani! Mtu mzima, kuanguka ngazi moja tu!

Sipendi kumpa mtu jina baya, lakini inabidi mtu aseme. Yule ndiye mwepesi wa kuumia. Wengine wameumbwa hivyo, mifupa laini. Kesho asubuhi nitapiga redioni niwaambie, na safari hii nitatumia taulo nene.

Colter anasema amechoka, lakini nimemwomba kesho apande atundike taa za Krismasi kwenye paa kabla theluji haijaanza. Asiwe na wasiwasi wowote. Ngazi nitaishika mimi.