Habari za Kusogezwa Mbele kwa Saa ya Mwalimu Wiliam

Njooni mketi, ninyi wa Tunduma mlioegesha malori na ninyi wa Mbozi mlioanika kahawa, sogeeni mpate kusikia vita vilivyopiganwa siku tano pale mpakani, pasipo mkuki wala risasi, kwa ajili ya kipindi kimoja cha Kiingereza. Na kwanza niwaeleze asemavyo jirani yangu Mama Tabu, muuza chapati, maana yeye ndiye aliyewahi kuitangaza habari hii, tena kwa sauti. Asema kwamba Mwalimu Wiliam, baada ya kuzungushwa na mradi wa kufundisha Kiingereza hadi akili ikamruka, alimvamia mratibu akamng'ata mkono, damu ikatoka, na ya kwamba yeye mwenyewe aliiona ile damu huku anageuza chapati.

Damu ilikuwapo, sikatai. Lakini mratibu siku hiyo alikuwa Chitete kwenye kikao, na kilichong'atwa hakikuwa mkono. Mimi Enesi, niliyeishia darasa la saba, mfagiaji wa darasa la mradi, nilikuwa nimeshika fagio hatua mbili kutoka pale, nami nayaandika kama yalivyokuwa.

Huyo Wiliam alikuwa mwana wa Kasama, mrefu wa kimo, mnyoosha-mashati, mvuka-mpaka asiyetishwa na foleni ya malori, aliyeagana na watu wake huko Zambia aje atufundishe Kiingereza sisi wa upande huu wa geti. Mradi ulisahau kumtafutia chumba kwetu, basi akalala Nakonde, ng'ambo ya pili, akawa anavuka kila siku kwa miguu. Na silaha alizokabidhiwa ni hizi: ubao mweupe unaong'aa, ule wa kuandikia kwa kalamu ya wino, pamoja na maboksi matatu ya chaki nyeupe. Siku alipoipitisha chaki juu ya ubao ule, chaki iliteleza isiache hata alama. Akautazama ubao, akaitazama chaki, akairudisha ndani ya boksi taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Ndipo mratibu Sufiani, bwana wa vikao, mwenye simu tatu na zote hazipokelewi, akatuma ujumbe mmoja kwa watu wote, wanafunzi na mwalimu: Kipindi kinaanza Jumatatu saa 2. Hakuongeza neno.

Jumatatu saa mbili asubuhi wakaja wanafunzi kumi na wanane, wabeba mizigo, wabadilisha fedha, na mbele yao Zuleha muuza mchele, ambaye wateja wake wengi ni wa Nakonde na amechoka kuuza kwa vidole. Wakaketi, wakangoja, jua likapanda, wakaondoka. Naye shujaa wetu, ambaye kwao saa mbili ni mchana mtu akishakula, akawasili sisi tukihesabu saa tisa alasiri. Akayakuta mabenchi, na mimi.

"Dada, wako wapi watu?"

"Walikuja asubuhi, mwalimu. Saa mbili ya kwetu ni ile ninyi mnayoita nane."

"Awe, mayo," akanena kwa Kibemba, yaani la, mama, akitikisa kichwa kukataa lawama. "Basi kesho nane."

Jumanne akaja asubuhi, uso umenawiri. Lakini Mama Tabu alikwisha kuwatangazia wanafunzi kwamba mwalimu huyu ni wa alasiri, nao kwa heshima yake wakaja alasiri. Majeshi mawili yakapishana njia moja, la huku na la huku, yasionane. Jumatano wakaapa wote kuja asubuhi, wakaja kweli, wanafunzi wakangoja karibu saa nzima, wakaondoka, na mwalimu alipoingia akaweka kiganja juu ya benchi la mbele. Lilikuwa bado na joto.

Mchana ule ikaja sauti ya Sufiani katika simu, kutoka huko vikaoni, akasema: "Mwalimu, nisipopata picha ya wanafunzi darasani kufikia Ijumaa saa sita, mradi unahamia Galula. Mimi nabanwa na wakubwa." Kisha mtandao ukakata, au akaukata.

Hapo Wiliam akaketi kwenye ndoo yangu ya maji iliyopinduliwa. "Dada Enesi," akasema, "nimeaga kanisa zima Kasama. Waliniombea kwa kusimama. Nitarudi niwaambie nimefundisha nani? Benchi?"

Nami nilikuwa na langu, ila halikuwa la kulisema siku hiyo. Wiki sita nilikuwa nimelifagia lile darasa, nikipanga mabenchi ili siku moja nisimame mlangoni na fagio langu nisikie somo, hata moja, bure. Nikaendelea kumwangalia huyu mtu. Na mtu ukimwangalia sana, utaona anavyoangalia mkono wake.

Alhamisi asubuhi akaingia tena, darasa tupu, akainyanyua saa yake ya mkononi kama shahidi wa mahakamani. "Nane kamili," akasema. "Sijachelewa."

Nikaisogeza simu yangu kando ya mkono wake. Simu ikasema saa tatu.

Sasa mjue ya kwamba simu za Tunduma si za kuaminiwa, maana ukiiweka simu dirishani inanasa mtandao wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima, ukiirudisha mezani inakuja mbele; ndiyo sababu mwalimu aliacha kuitazama yake, akaishikilia saa ya mkononi. Nayo saa ya mkononi, kwa majira yake, ilikuwa haijatoka Zambia hata siku moja.

Zuleha alikuwa anapita na debe la mchele. Nikamwonyesha saa na simu. Akajipiga paja. "Jamani, wateja wangu wa Nakonde kila siku nawauliza, saa ya kwetu au ya kwenu? Nimesahau kabisa mwalimu naye ni Mzambia. Niliona ni mwalimu tu."

"Isogeze mbele, mwalimu," nikamwambia.

Ndipo Wiliam akasimama akahutubia, mkono kifuani. "Saa hii ni ya marehemu baba yangu, fundi wa reli, ambaye treni zilichelewa lakini yeye hakuchelewa. Mishale hii aliipanga kwa mkono wake. Mimi nalala kwetu, nakula kwetu, nasali kwetu. Nikiigeuza, nimehama."

"Hatukuambii uhame, baba," akasema Zuleha. "Tunakuambia uwahi."

Lori likapiga honi mara mbili. Kisha shujaa akaivua ile saa.

Basi vita vikaanza. Kile kitufe cha pembeni cha kuvutia mishale kilikuwa kimeshikwa na kutu na jasho la vizazi viwili. Akakivuta kwa kucha, kikakataa. Zuleha akatoa pindo la khanga, likateleza. Nikatoa kibanio cha nywele zangu, kikapinda kama tambi. Ndipo mwana wa Kasama akakitia kile kitufe katikati ya meno yake, akafumba macho, akavuta, mishipa ya shingo ikasimama, jasho likamchuruzika, mdomo ukachanika kidogo, damu ikashuka kidevuni, na ng'ambo ya barabara Mama Tabu akaacha chapati ikaungua. Tukasikia: kt. Kitufe kimetoka. Naye akakizungusha polepole, na mshale mrefu ukazunguka mzunguko wake mzima, ukarudi pale pale ulipokuwa, saa moja mbele.

"Samahani, tata," akaiambia saa, na neno hilo kwao maana yake ni baba.

Ijumaa saa mbili kamili asubuhi, wanafunzi kumi na wanane na mwalimu mmoja wakawa pamoja ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo mradi ule haukuwahi kuliona. Ubao mweupe ukageuziwa ukutani. Wiliam akafungua mlango wa chuma, uliopakwa rangi nyeusi, akaandika juu yake kwa chaki, na chaki ikaandika. Somo lilikuwa kuuliza saa kwa Kiingereza. Akauliza, na Zuleha akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ni saa mbili. Mwalimu akashika paji la uso. Dakika arobaini zikapita akieleza kwa nini hiyo mbili ni nane, na hazikutosha, na hakuna aliyeondoka. Mimi nilisimama mlangoni, karibu na maandishi, fagio mkononi, nikisema nao kimoyomoyo.

Hivyo ndivyo saa ya Wiliam ilivyosogezwa mbele, na pale kwetu watu sasa huhesabu: jambo hili lilikuwa kabla ya saa, lile baada ya saa.

Picha ikapigwa, ikatumwa kwa Sufiani saa tatu kasoro. Chini yake mwalimu akaandika ombi: wiki ijayo, tafadhali, uandike saa, na kama ni asubuhi au mchana, na kama ni ya Tanzania au ya Zambia. Kisha akanitazama pale mlangoni.

"Na wewe, dada? Niongeze nini?"

Nikalitoa langu. Akaandika: na Enesi, anayefagia darasa, aingizwe kwenye daftari la wanafunzi.

Alama mbili za ujumbe zikageuka bluu palepale, maana yake umesomwa. Tukaketi kungoja jibu, yeye kwenye ndoo, mimi kwenye benchi la mbele, simu katikati yetu, mbali na dirisha.