Mtandao wa Juu ya Tangi

Kipyego hakwenda kijiji cha Chepsaita kuibia watu. Hilo lisemwe mapema, maana hata mjanja ana heshima zake. Alitoka kwake mtaa wa West Indies, mjini, asubuhi na begi la chaja feki, akitafuta wateja wa mbali ambao hawangejua pa kumpata chaja zikianza kutoa moshi. Ni bahati tu kwamba alijikwaa kwenye bomba la plastiki la rangi ya machungwa lililochomoza kando ya barabara.

"Hii ni nini?" alimuuliza Mama Musimbi, aliyekuwa akiuza chai na mandazi hapo karibu.

"Hiyo ni internet," Musimbi alijibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Serikali ilikuja ikachimba mtaro, ikaweka hizo bomba, ikakula mbuzi wetu, ikaenda. Ati kebo inakuja."

"Ilisema inakuja lini?"

"Kabla ya uchaguzi. Haikusema upi."

Kipyego akazisahau chaja. Watu waliongojeshwa hivyo ni kama shamba lililokwisha kulimwa: kilichobaki ni mtu kuja na mbegu.

Aliporudi alikuwa amevaa helmeti nyeupe na kizibao cha kung'aa, na mkononi ana tepu ya kupimia, ingawa hakuwa na cha kupima. Alijiita Injinia Kipyego wa mradi wa mtandao mashinani. Alikuwa amegundua kwamba pale senta, penye maduka, simu zilishika mawimbi kwa kubahatisha, lakini juu ya tangi la maji la chama cha ushirika, palipoinuka, yalishika kama mjini. Basi akapanda ngazi, akafunga simu yake nzuri ndani ya sanduku la plastiki pamoja na betri ya akiba, akachomeka juu yake antena ya redio ya gari. Antena haikufanya kazi yoyote. Ilikuwa ya heshima. Kisha akafungua hotspot na kushuka taratibu, kama mtu anayeshuka kutoka wizarani.

"Nani ana mtu wa kupigia video?"

Musimbi alikuwa na bintiye Vivian, mfanyakazi wa nyumbani huko Doha, ambaye hakuwa amemwona tangu asafiri. Alipangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena, ndipo akashika simu. Sura ikatokea.

"Umekonda," alisema.

"Mama, ni kamera."

"Kamera haikondeshi mtu mashavu. Unakula?"

Senta nzima ikasogea karibu. Musimbi akageuka kuutazama ukuta ili watu wasimwone macho. Kipyego naye alijisikia vizuri mno, karibu asahau kwamba alikuwa anadanganya.

Hakusahau. Jioni hiyohiyo alitangaza ada ndogo ya kuvutiwa kebo hadi mlangoni, itumwe moja kwa moja kwa simu yake nyingine, ndogo ya kitufe, "kuepusha ufisadi." Pesa zikamiminika. Muuza maziwa alilipa zaidi ili aunganishwe kabla ya jirani yake. Jirani aliposikia, akalipa ili muuza maziwa aunganishwe wa mwisho. Mwalimu mmoja mstaafu alilipia nyumba mbili, na ya pili ilikuwa bado msingi.

Kipyego angeondoka siku hiyo, wala kusingekuwa na hadithi. Lakini alikuwa akipewa chai ya bure, akiitwa Injinia, na wazee walikuwa wakimwachia kiti. Akakaa wiki, kila usiku akipanda kubadilisha betri.

Ndipo siku moja, Musimbi akiwa katikati ya maneno na Vivian, picha ikaganda, na juu ya tangi sanduku la serikali likaanza kuimba. Ulikuwa mdundo wa disko, wa sauti ya juu. Watu wote wakainua nyuso. Mwenye nyumba wa West Indies alikuwa anapiga simu kudai kodi yake.

"Hiyo ni Nairobi," Kipyego alisema, jasho likimtoka chini ya helmeti. "Wanapima laini."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nairobi ilijulikana kwa raha zake. Musimbi akammiminia chai, akamtazama, kisha akalitazama sanduku.

Tatizo la mtandao ni kwamba unafanya kazi. Vijana walikuwa wamesambaza picha za tangi lao kila mahali, na zikamfikia Mkurugenzi Phineas, bosi wa mradi wenyewe, ambaye wakati huo alikuwa anaulizwa na wabunge pesa za kebo zilikwenda wapi. Kumbe zilikwenda Chepsaita! Hata yeye hakujua. Asubuhi moja Kipyego alipokuwa akiiendea ngazi achukue simu yake atoroke, msafara wa magari makubwa ukaingia senta na mahema, viti na kamera.

Mkurugenzi akamshika mkono, akamvuta nyuma ya tangi.

"Wewe ni injinia wa nani?"

Kipyego akafungua mdomo. Mkurugenzi akainua kiganja.

"Vizuri sana," Phineas akasema kwa upole. "Usinijibu. Mimi nimeutafuta huu mtandao kwa makaratasi mpaka nikakata tamaa. Usiguse kitu huko juu."

Mkurugenzi akaenda kwenye kamera; Kipyego alipogeuka, Musimbi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Injinia, rudisha pesa za watu. Zitume kwa chama chetu cha akina mama, sasa hivi."

"Mama, taratibu za serikali..."

"Nikienda pale kwa maiki niseme sanduku la serikali linacheza disko, hawa watu wataangalia nani? Bosi yako atakuruka, aseme hakujui, mbele ya kamera."

Kipyego akatuma. Alibonyeza ile simu ya kitufe kama mtu anayejing'oa jino, hotuba zikiendelea, hadi Musimbi alipoona ujumbe wa mweka hazina na kuitikia kwa kichwa.

Utepe ukakatwa. Fundi wa msafara akapanda ngazi na kizimba cha chuma, akalifungia sanduku ndani, akapiga kufuli, akaandika kwa rangi nyekundu: MALI YA SERIKALI.

"Mheshimiwa," Kipyego alinong'ona, "hiyo simu ndani ni yangu."

"Simu gani?" Phineas akashangaa kwa dhati. "Mimi naona mitambo."

Msafara ukaondoka na ufunguo. Betri ilizimika kabla ya ng'ombe kukamuliwa jioni hiyo, na kwenye ripoti za Nairobi, Chepsaita imeunganishwa kikamilifu hadi leo. Kina mama hawakungoja ufafanuzi. Walikubaliana pesa zilizorudi watu wasigawane, wanunue kifaa chao halali, na Musimbi ndiye aliyechagua kiwekwe wapi: juu ya banda lake la chai.

Kipyego alimwendea kwa aibu kuomba nauli.

"Omba serikali," Musimbi alisema. "Si wewe ni mtu wao?"

Alipata lifti ya pikapu ya maziwa, akakaa mbele na helmeti mapajani. Redioni Mkurugenzi alikuwa akipongezwa, akiahidi kwamba ufanisi wa Chepsaita sasa unaelekea sehemu za Moiben. Kipyego alisikiliza kama mwizi wa kuku aliyeonyeshwa mtu aliyeiba ranchi.

"Na wewe," dereva akauliza, "unafanya kazi gani?"

Kipyego akaifuta helmeti vumbi.

"Nilikuwa serikalini. Nimefutwa leo kwa kusema ukweli."

Dereva akasikitika njia nzima, na walipofika mjini akakataa katakata kupokea nauli.