Nusu ya Sari Zitakazouzwa

Nitai Pakrashi alikuwa mtu wa kuishi kwa mdomo wake, na korona ilipowafungia watu majumbani, mdomo ule ukakosa kazi. Utamtapeli nani, ukuta? Ndiyo maana siku serikali ilipotangaza kwamba maduka ya vitamutamu, kama zile sandesh za maziwa, yatafunguliwa kila mchana kwa saa nne, yeye alikuwa tayari kichochoroni katika mtaa wa Baghbazar, Kolkata, mkononi kashika mfuko wa dawa wa kuwazugia polisi, akisikiliza ugomvi uliokuwa ukirushwa kutoka dirisha hadi dirisha.

"Sandesh ni chakula!"

"Na vitabu je?"

"Kitabu utakila?"

"Basi kinyozi! Hebu nitazameni, mke wangu ananiogopa!"

Aliyepayuka kuliko wote alikuwa Haradhan Kundu, mwenye duka la sari. Alikuwa ameagiza mzigo mkubwa kwa ajili ya Mwaka Mpya wa Kibengali, na sasa umelala kabatini. "Eti sandesh ni lazima, sari si lazima! Watu waingie mwaka mpya uchi?"

Nitai akasikia harufu ya hela. Akapandisha barakoa, akajifunga kitambaa chekundu mkononi, na katika Kolkata ya siku zile mtu mwenye kitambaa mkononi alikuwa tayari ni serikali. Akagonga.

"Naitwa Pakrashi, Idara ya Mahitaji ya Lazima." Idara hiyo haikuwapo, ingawa kwa ugomvi ule ilistahili kuwapo. "Bwana Kundu, kilio chako kimenifikia. Mbele panga vitamutamu, nyuma panga sari. Mwanamke anaingia kununua sandesh, anatoka na sari. Polisi niachie mimi."

Macho ya Kundu yakang'aa. "Na wewe unapata nini?"

"Nusu."

"Nusu ya nini, kaka?" Aliyeuliza ni Labanya, mke wa Kundu, aliyetokea jikoni akijifuta mikono.

"Nusu ya mauzo ya sari, shemeji. Kila sari itakayouzwa."

"Rudia, mume wangu asikie vizuri."

Nitai akarudia, mkono kifuani, kwa unyenyekevu wa mtu anayeapishwa.

"Nusu nzima!" Kundu akaruka. "Labanya, una wazimu?"

"Wewe nyamaza. Sawa, kaka, tumekubali. Ila vitamutamu vinataka maziwa na sukari, na fedha zetu zote zimelala kwenye sari. Hivyo utaleta wewe."

Tapeli mzoefu hasikitikii chambo. Nitai akatoa akiba yake yote, hata ile aliyoishonea ndani ya mto, akanunua maziwa ambayo wauzaji walikuwa karibu kuyamwaga kwa kukosa wateja.

Jambo ambalo hakulijua, na Kundu alikuwa amelisahau, ni kwamba Labanya alizaliwa katika nyumba ya wapika sandesh. Tangu aolewe alikuwa akiambiwa kwamba mke wa tajiri wa nguo hauzi vitu vya kulamba vidole.

Duka likafunguliwa, foleni ikafika njia panda. Nitai alikaa kwenye baraza la nyumba ya jirani, akiwatazama wanawake wakiingia na kutoka, akikenua meno chini ya barakoa. Maziwa yakiisha, analeta mengine. Hata afande Tarapada wa zamu aliingia kukagua, akatoka na boksi.

Mwaka mpya ulipopita, Nitai akaenda kuchukua chake.

Labanya akafungua makabati. Sari zote zilikuwa mle, mikunjo haijaguswa.

"Hazijauzwa?"

"Hata moja. Mwanamke avae sari mpya amwonyeshe nani, sufuria? Mumewe mwenyewe anashinda na bukta."

"Lakini watu walijaa humu!"

"Kununua sandesh. Si ulitufundisha wewe?"

"Basi nipeni nusu ya sandesh!"

"Tulipatana sari, kaka. Nusu ya zilizouzwa ni yako. Ichukue yote, sisi hatuna tamaa."

Kundu alikuwa akitazama dari. "Usinitazame mimi," akasema. "Mimi mwenyewe nilibisha. Sasa hivi napanga maboksi."

Nitai alikuwa na uchungu wa kweli. Hata mto wake ulikuwa umebaki pamba tupu. "Nitalifunga duka hili!"

Labanya akachungulia nje. "Afande Tarapada! Njoo mara moja! Kuna afisa hapa wa Idara ya... idara gani vile, kaka?"

Askari akaingia, shavu limetuna. "Afisa gani?"

Mdomo uliomlisha Nitai maisha yake yote ukatafuta neno, ukapata moja tu. "Mteja, afande. Mimi mteja."

"Mteja ndani anafanya nini? Foleni iko nje. Duara lako lile la mwisho, karibu na mfereji."

Akaenda kusimama kwenye duara la chokaa lililochorwa ili watu wasikaribiane, jua utosini. Mbele yake bibi mmoja mwenye mwavuli akageuka.

"Mwanangu, unajua kwa nini sandesh za hapa ni rahisi hivi? Eti kuna mjinga mmoja anawaletea maziwa bure."

"Nimesikia, bibi," akasema Nitai, akasogea duara moja mbele.