Muone Dokta Wardlaw

Ninayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba Chuo cha Tolliver, hapa Alabama, kwa niaba ya vyuo kumi na kimoja vya watu Weusi wa Kusini mwa Marekani, kimekamilisha mradi wa Tovuti ya Pamoja ya Misaada. Mwanafunzi yeyote mwenye shida, iwe ya kitabu, ya dawa au ya mahali pa kulala, anauliza mtandaoni na kujibiwa. Mimi, Dokta Cleophus T. Wardlaw, Msaidizi Maalumu wa Makamu wa Rais wa Chuo kwa Masuala ya Mtandao na Kujisikia Nyumbani, ndiye niliyeusimamia mradi huo. Kazi yenyewe waliifanya wanafunzi, lakini kazi bila usimamizi ni jasho tu.

Wanafunzi hao walikuwa wawili. Wa kwanza Renita Broadnax, mwaka wa tatu, anasomea kompyuta, binti wa mchungaji, mwenye adabu inayochoma. Wa pili Quint Mabry, mwaka wa pili, mkimya, aliyelelewa na serikali katika nyumba sita tofauti mpaka akatimiza miaka kumi na minane, serikali ikamuaga. Mabweni yetu hufungwa Jumatano mchana kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kila mtu aende kwao. Quint hana kwao. Mwaka uliotangulia alikaa siku nne kwenye kituo cha mabasi akijifanya abiria. Kwa hiyo swali la kwanza aliloliingiza kwenye tovuti lilikuwa lake mwenyewe: bweni likifungwa, nilale wapi?

Wakanionyesha ukurasa wa mwanzo. Ulikuwa mweupe, una kisanduku kimoja na maneno matatu: Una shida gani?

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni mlango, Dokta," Renita akasema. "Mtu anaingia, anauliza, anajibiwa, basi."

"Bila hata kusalimia?"

Maana kwetu hakuna anayeshika kipaza sauti, hata kama ni kutangaza kwamba jengo linaungua, kabla hajampa Mungu heshima, akafuatia Rais wa Chuo, Bodi, wakuu wa vitivo, wachungaji waliohudhuria, na vyama vyote tisa vya udugu vya wanafunzi kwa mpangilio wa mwaka wa kuanzishwa. Nikaunda Kamati ya Itifaki ya Ukurasa wa Mwanzo. Ilikaa wiki saba, na tano kati ya hizo zilikwenda kwenye suala la nani amtangulie mkuu wa bendi ya chuo. Tukapata heshima themanini na nne, kila moja na picha yake, na kisanduku cha Renita kikakaa chini kabisa.

"Dokta, mtu atachubuka kidole kabla hajafika huku chini," alisema.

"Binti, subira huvuta heri."

"Kufuli la bweni halina subira," Quint akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akifungua mdomo, na nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba wanafunzi wameshirikishwa.

Yakabaki majibu. Kulikuwa na maswali mia mbili na kumi na mawili ambayo hakuna ofisi iliyotaka kuyajibu. Kuhusu swali la Quint, ofisi ya mabweni ilisema waulizwe walinzi, walinzi wakasema aulizwe mlezi wa wanafunzi, mlezi akasema suala hilo linaombewa.

"Sasa hapa tuweke jina la nani?" Renita akauliza.

Nikiri jambo. Asubuhi ile nilikuwa nimehesabu, nikakuta jina la mkuu wa bendi limetokea mara nne kwenye tovuti, langu mara moja. Nilikuwa sijapata usingizi mzuri tangu suala la bendi lianze.

"Wekeni langu."

"Kwenye yote?"

"Yote. Na simu ya mkononi, na anwani ya nyumbani. Uongozi ni kupatikana."

"Una hakika, Dokta?"

"Andika, binti."

Akaandika. Siku wahitimu wa zamani waliporudi chuoni kusherehekea, tuliifunga kompyuta utepe, Rais wa Chuo akaukata, nami nikatunukiwa ngao ya kioo.

Jumatano ya wiki ya Shukrani, saa saba mchana, nilikuwa sebuleni nimevaa soksi tu, mke wangu Verlene yuko jikoni na bata mzinga, kengele ikalia. Mlangoni alikuwa Quint na begi lake.

"Samahani, Dokta. Tovuti imesema nikuone wewe."

Nyuma yake kulikuwa na msichana aliyesafiri kwa saa tano kutoka Mississippi, na mapacha kutoka Georgia, na kijana mmoja aliyetaka mdomo wa kupulizia tromboni, tarumbeta yake ya bendi, maana swali hilo nalo lilikuwa limeniangukia. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba jina langu limewekwa kiitifaki, si kiutendaji. Verlene akatokea anafuta mikono.

"Cleo, hawa ni nani?"

"Watumiaji."

"Wanatumia nini?"

"Inaelekea wananitumia mimi."

Akanisukuma pembeni kwa kiwiko. "Ingieni, wanangu. Viatu hapo. Cleo, hamisha makaratasi yako, chumba cha kusomea kinalaza watu wanne."

Hadi jioni walikuwa kumi na tisa. Mimi nikapangiwa kulala garini.

Alhamisi tulikula pamoja, wengine mezani, wengine ngazini. Quint alikula sahani mbili, akacheka na wale mapacha kwa jambo nisilolielewa, na alipocheka nikaona kumbe ni mtoto tu. Nilishikwa na aibu, aibu kamili, ambayo hakuna kamati ingeweza kuipunguza.

Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua.

"Dokta, kwani pale chuoni, kazi yako hasa ni nini?"

Meza yote ikaacha kutafuna. Verlene, ambaye tumeoana miaka ishirini na sita, aliweka kijiko chini, akavuta kiti karibu asikie.

Nikafungua mdomo. Halafu nikaomba nisogezewe makaroni.