Mgombea wa Akiba

Umma wa Karuvelampatti na vitongoji vyake ulitangaziwa rasmi kwamba Mheshimiwa Arivarasan, mbunge wa vipindi sita, Simba wa Akili, adui wa ushirikina tangu ujana wake, ameondoka nyumbani saa mbili kamili asubuhi kwenda kurudisha fomu ya kugombea kipindi cha saba. Tangazo lilipigwa kwa kipaza sauti, tena mara nne. Saa saba na dakika kumi mchana Mheshimiwa alikuwa bado anaondoka. Gari lilikuwa getini, pua nje, mkia ndani.

Pechimuthu, msaidizi wake kwa miaka thelathini na moja, alikaa kiti cha mbele na shali mia mbili na kumi magotini. Kila katibu wa tawi sharti amvishe kiongozi shali mabegani, na kiongozi sharti aivue ampe msaidizi, ili mabega yabaki wazi kwa shali inayofuata. Kazi hiyo ilikula saa tatu. Halafu paka akakatiza mbele ya gari. Kwa kuwa Mheshimiwa haamini mambo ya paka, kilifanyika kikao kifupi, ikaamuliwa breki zikaguliwe. Breki zilipokwisha kukaguliwa, dereva akapiga chafya. Chafya moja tu, na moja ndiyo ya mkosi. Mheshimiwa akashuka, akaketi barazani, akanywa bilauri nzima ya maji kwa ajili ya figo.

Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa tisa kamili, siku hiyo hiyo ya Alhamisi, na ofisi iko mwendo wa dakika kumi. Ila kila mwenye kalenda ukutani, ile ya kuchanwa karatasi moja kila siku, anajua kwamba siku yoyote ina saa moja na nusu ya nuksi, ambayo ndani yake mtu hafungi safari wala haanzi jambo. Nuksi ya Alhamisi inaingia saa saba na nusu. Inatoka saa tisa kamili.

Kalenda hiyo Mheshimiwa haisomi. Jina la Simba wa Akili alilipata kwa kumwoa Bi Kanthimathi katikati ya saa ya nuksi, bila kuhani, mbele ya watu elfu mbili, kwa hotuba iliyokwisha wali umekwisha poa. Kuhusu chama, wanaosema ni kigeugeu wanamwonea. Hajawahi kuhama chama hata kimoja. Ni vyama vitano vilivyomhama yeye.

"Saa ngapi, Pechimuthu?"

"Saba na robo, Ayya. Twende tukamalize," akasema Pechimuthu, ambaye kwake bwana ni Ayya na bibi ni Amma.

"Nimesahau miwani."

"Iko puani, Ayya."

Mheshimiwa akaigusa, akaikuta. Pale pale barazani Bi Kanthimathi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye majani ya mronge aliyokuwa akiyachambua, "Mwache atafute sababu. Akiipata niiteni, nije niisikie."

"Amma, muda unakwisha," Pechimuthu akasema.

"Mwanangu, mimi nilitaka tuoane saa nne asubuhi. Akakataa, akataka nuksi. Basi nimekaa na hiyo nuksi miaka arobaini na nne. Usiniambie mimi habari za muda."

Hapo Mheshimiwa akavua saa yake ya mkononi, akampa Pechimuthu kwa mikono miwili.

"Itangulize ofisini. Sasa hivi, kabla ya na nusu."

Pechimuthu akaelewa. Tangu enzi za mababu, mtu akishindwa kuondoka saa njema hutanguliza kitu chake, nguo au kiatu, kikalale kwingine, na safari ikahesabika imeanza.

"Ile mila ya kina bibi, Ayya?"

"Mila gani? Huu ni ukaguzi wa awali wa barabara. Na ukifika, rudisha kabisa fomu yako ya akiba."

Chama huweka mgombea wa akiba, ili fomu ya mkubwa ikitiwa kasoro kiti kisipotee. Ya mkubwa ikipita, wa akiba anajitoa. Pechimuthu alikuwa ameandikwa akiba mara sita na kujitoa mara sita, na alikuwa na kalamu maalumu ya kujitoa. Hakulalamika. Alichotaka ni daraja la kijiji chao, Manalodai, ng'ambo ya mfereji, ambako Mheshimiwa ameshaweka jiwe la msingi mara nne. Mama yake hufulia nguo juu ya lile la pili, maana ndilo laini. Mvua zikija, wagonjwa huvushwa kwa sufuria kubwa ya harusi. Kila akiuliza huambiwa ni kipindi kijacho. Kwa hiyo kiti kikipotea, daraja nalo limekwenda, na hakukuwa na mtu duniani aliyetaka Mheshimiwa ashinde kuliko Pechimuthu, hata Mheshimiwa mwenyewe.

Alifika ofisini kwa baiskeli, saa mkononi, shali kumi na mbili alizosahau kuzitua zikiwa begani. Msimamizi wa uchaguzi, Bi Ulagammal, aliipokea fomu yake saa nane kasoro kumi, nuksi ikiwa imeiva. Akaigonga muhuri.

"Mzee wako yuko wapi?"

"Ameshaondoka, Amma."

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

Mheshimiwa alifika saa tisa kasoro kumi, na fataki, na ngoma, na waandishi wa habari sita. Akapanda ngazi mpaka kizingitini, akasimama. Mbele yake mlango wazi, meza, na Bi Ulagammal. Nyuma yake kadamnasi.

"Karibu ndani, Mheshimiwa," akasema Bi Ulagammal.

"Naheshimu foleni."

"Hakuna foleni."

"Basi naheshimu iliyokuwapo asubuhi."

Mwandishi mmoja akauliza kwa sauti, "Ayya, au unangoja nuksi ipite?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa akageuka polepole. Akaeleza kwamba mtu huru huingia anapotaka, na kwamba yeye leo anataka kuingia saa tisa, kwa sababu tisa ni nambari ya kisayansi.

Bi Ulagammal akafungua kitabu cha kanuni. "Atakayekuwa ndani ya mlango ikigonga saa tisa, nitampokea. Aliye nje ni mtazamaji."

Pechimuthu akasogea hadi mlangoni, akanong'ona. "Ayya, ingia tu. Hatua moja. Mimi nimerudisha ya kwangu saa ile ile na sijafa."

"Wewe ni akiba. Nuksi haina haja na akiba. Saa ngapi?"

"Kasoro nne."

"Nitazamie vizuri."

"Kasoro tatu. Ayya, daraja."

"Daraja gani?"

Pechimuthu akaitazama saa. Angeweza kudanganya, kusema imetimia na mzee akaingia salama, na baadaye alijiuliza sana kwa nini hakudanganya. Miaka thelathini na moja alikuwa akimtajia saa ya kweli, basi akaitaja.

"Kasoro moja."

Tarishi wa ofisi akashika kitasa.

"Sasa, Ayya. Imefika."

Mheshimiwa akainua mguu, akauvusha kizingiti. Akautazama. Ulikuwa wa kushoto.

Mtoto yeyote wa kule anajua kwamba jambo jema huingiwa kwa mguu wa kulia. Mheshimiwa akaurudisha wa kushoto nje, akauweka chini, akainua wa kulia. Mlango ukafungwa kwa utaratibu, na ukucha wa kidole gumba cha mguu ukabaki upande wa nje pamoja na mwenyewe.

Jioni alimwita Pechimuthu. "Jitoe."

"Nikijitoa, Ayya, chama hakina mtu."

"Mara sita umejitoa bila maswali."

"Mara sita ulikuwa ndani."

Bi Kanthimathi akaleta kahawa vikombe vitatu, cha kwanza akampa mgombea. "Wewe uliingia na mguu gani?" akauliza.

"Sikumbuki, Amma. Nilikuwa nimebeba shali."

Pechimuthu alishinda kwa kura elfu kumi na moja. Mheshimiwa aliwaambia waandishi kwamba alimtuma makusudi katika saa ya nuksi, kuuthibitishia umma kwamba nuksi haipo. Bi Ulagammal alihamishiwa idara ya vipimo na mizani, ambako anasemekana ana furaha. Tarishi alipewa onyo na nyongeza ya mshahara kwa barua moja. Daraja la Manalodai lilikamilika mwaka wa tatu. Jiwe la pili halikung'olewa, mama yake Pechimuthu alikataa. Paka yupo. Bi Kanthimathi anakula mapema siku za Alhamisi, kabla ya saa saba na nusu. Kalenda ya ofisini kwa Mheshimiwa Pechimuthu huchanwa kila asubuhi na mkewe, na Mheshimiwa mwenyewe husema haisomi.

Arivarasan ameandikwa akiba mara mbili sasa. Fomu huirudisha siku ya kwanza, saa nne asubuhi, hana msafara. Kujitoa hujitoa kwa hiari yake, na ile kalamu huiazima kwa Pechimuthu.